Karatasi ya Pili

Moding,
19 Januari 2025

Mdogo wangu Sydney,

Yoga noi, salamu nyingi kutoka kwetu sote. Toto anasema yeye kama mama ana haki ya kujua, kwa hiyo nianze kwa kukuuliza kama siku hizi unapika, ama bado unashinda na chai na mandazi huko Mlolongo hadi suruali ikushuke. Mimi nimemwambia umenenepa. Usije ukaniaibisha.

Nyumbani tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji, na Toto amempa jina la mke wa katekista kwa sababu wote wawili hawanyamazi. Njugu tumeanika. Kaka Morris yuko na baisikeli zake sokoni kama kawaida. Juzi alinyoosha rimu iliyogongwa na lori, na mwenyewe hakuamini ni ile ile.

Sasa taa. Hujui ulichotuletea Krismasi. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu zinawaka zenyewe, sebuleni, chumbani na ile ya njia ya choo, na Toto anasema kwa sauti, "Sydney ameingia." Saa nne zikizima anasema, "Sydney amelala." Hatafuti tena swichi kwa kupapasa ukuta. Watu wanakuja kutazama. Morris anawaeleza kwa mikono miwili jinsi kompyuta ndogo kuliko kiberiti inavyotuma amri, na haelewi hata nusu. Anawaambia, "Huyo ni mimi nilimfundisha kushika bisibisi." Anjeline wa Adungosi naye anakushukuru kwa zile taa ulizomwekea nyumbani kwake.

Mwisho wa karatasi ya Toto, ile ninayomsomea.

Karatasi ya pili, yako peke yako.

Macho ya Toto yanaisha. Hataki niseme, na mimi sijamwambia kwamba nimejua. Jana alimimina maji ya moto nje ya kikombe, nikajifanya sikuona. Kwa hiyo hizo taa si mchezo. Ni mwanga mkubwa tu anaoona sasa. Nilitaka ujue umefanya jambo la maana.

Dada yako,
Asekenye

*

Mlolongo,
23 Februari 2025

Dada Asekenye,

Mwambie Toto ninapika. Jana nilipika maharagwe yakaungua chini tu, juu yalikuwa mazuri. Kazi ipo. Yadi yetu inapokea malori ya kwenda Malaba usiku na mchana, na mimi nafunga vile vifaa vya kufuatilia malori, wenyewe wajue gari liko wapi. Bwire, dereva atakayewaletea barua hii, ndiye rafiki yangu hapa. Mpeni uji.

Mwambie Morris bosi wangu ana baisikeli ya watoto iliyopinda, nitakuja nayo Pasaka. Mwambie Toto ampe ndama jina lingine kabla katekista hajasikia.

Karatasi ya pili.

Asekenye, hii soma ukiwa peke yako na uifiche.

Nimekosea taa za Toto. Hapa yadi kuna fundi wa stima, mzee Phanuel. Niliweka bodi kama ile ya nyumbani, ile kompyuta ndogo, kwenye stoo, nikamwita aone. Nikazima taa kwa simu nikingoja sifa. Akatoa tesita ya kupima stima mfukoni, akaigusisha kwenye holda, pale balbu inapokaa, na tesita ikawaka. Akaniuliza, "Kijana, hii taa umezima ama umeificha?" Watu wakacheka. Mimi nikakumbuka nyumbani.

Iko hivi. Stima huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ule unaoleta ndio wa moto, na ndio unaopaswa kukatwa ukizima taa. Mimi nilijifunza kwa video za Wamarekani, na kwao waya wa moto ni mweusi. Nyumba ya Toto ni ya waya za zamani, wa moto ni mwekundu. Nilikata mweusi. Taa inazima vizuri kabisa, lakini moto bado umekaa kwenye holda. Na swichi za ukutani nilizipita, hazikati kitu, ni pambo. Kinachokata ni meni swichi peke yake, ile kubwa ya nyumba nzima. Tesita sikuwa nayo. Niliona taa inawaka na kuzima, nikasema nimemaliza.

Mtu asiguse balbu wala holda yoyote. Hata ikiungua, iache. Kwa Anjeline ni hivyo hivyo. Nakuja Pasaka, nitarekebisha zote kimya kimya. Usimwambie Toto. Na tafadhali usimwambie Morris. Amenisifu soko zima. Ningepiga simu lakini ninyi huniweka kwenye spika, na sijui sauti yangu ingetokaje.

Sydney

*

Moding,
30 Machi 2025

Sydney,

Hatujambo. Mvua imeanza na tumepanda. Ndama anakua. Toto anakusalimu na anasema barua yako ilikuwa fupi.

Kaka Morris aliteleza kwenye kiti akaumia mkono. Anaendelea vizuri. Stima imepotea kidogo hapa kwetu, tunatumia taa ya sola. Toto anasema Sydney amesafiri.

Karatasi ya pili.

Nimekaa na kalamu hii wiki mbili.

Morris hakuteleza. Tarehe kumi na moja, Jumanne, mimi nikiwa Malaba kwenye kibanda changu cha nguo, alipanda kiti kubadilisha balbu ya sebuleni iliyoungua. Ilikuwa mchana. Balbu ilitoka, pini moja ya holda ilikuwa imezama, akaivuta kwa kidole. Stima ikamshika, ikamtupa juu ya ile meza ya mninga. Toto hakuona, alisikia tu. Aliita majirani kwa kupiga sufuria.

Mfupa wa bega umevunjika. Huo utapona. Lakini mkono wa kulia umeungua kiganjani, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, havisikii kitu. Hospitali wanasema tungoje. Analeta baisikeli nyumbani, anashika spoki, inamponyoka, anaiokota, inamponyoka tena. Mimi huenda jikoni nisimtazame.

Watu wote wanaambiwa ni mguu wa kiti uliovunjika. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo. Kiti ameagiza kipasuliwe kuni.

Meni nimeizima na sitaki kuigusa. Barua yako ilifika tarehe kumi na saba. Bwire alikaa njiani, lori lilikuwa bovu. Ingefika mapema, pengine. Sasa imepita. Tusiseme kitu. Ukisema haitarudisha vidole, na Toto atakosa usingizi.

Asekenye

*

Mlolongo,
14 Aprili 2025

Dada,

Mwambie Toto nina kazi nyingi, Pasaka sitaweza kufika. Mwambie Morris pole. Mwambie nitapiga simu.

Karatasi ya pili.

Sitapiga simu. Nimejaribu mara nne, namba yake naiona, kidole kinakataa.

Asekenye, siku sita! Kama barua ingefika kabla ya hizo siku sita, Morris angekuwa na mkono. Nimehesabu mpaka nimechoka. Bwire aliporudi nilimshika shati mbele ya madereva na matanboi wao, wale wasaidizi wa malori, nikamwita mwongo na mlevi. Ameapa kwamba lori halikuwa bovu, kwamba alikupa bahasha mkononi kwenye kibanda chako mwanzoni mwa Machi, na ukampa chai. Nikamwambia anajificha nyuma ya mwanamke. Yadi nzima sasa haimpi hata kifurushi, wanasema anatupa vitu vya watu. Hatuongei. Barua hii naituma kwa parseli ya basi.

Silali vizuri. Ni Morris aliyeninunulia bisibisi ya kwanza, ile ya mpini wa njano, nikiwa darasa la tano. Alinionyesha kuzungusha bila kuharibu kichwa cha skrubu. Nakumbuka vidole vyake haswa, na ndivyo hivyo hivyo viwili.

Siwezi kuja kukaa mezani naye akiniambia ni kiti.

Nenda kwa Anjeline. Usimwambie ukweli, nitakuwa nimekwisha huko Adungosi. Mwambie bodi imeharibika, azime meni mpaka nije. Ana watoto watatu, na yule mdogo anapanda kila kitu.

Sydney

*

Moding,
4 Mei 2025

Sydney,

Yoga. Tuko watatu hapa mezani ninapoandika: Toto, Morris na mimi. Ng'ombe tumekwisha kumkama. Mahindi yako magotini. Hii ni karatasi moja na hakuna nyingine. Toto ameipapasa kabla sijaanza, na ataipapasa tena nikimaliza.

Ilikuwa hivi. Barua yako ya Aprili ilipofika, yeye ndiye aliyeipokea kwa mtu wa boda. Aliishika muda mrefu. Nilipokaa kumsomea, nikasoma ile mistari mitatu yako ya kazi nyingi, nikakunja. Akasema, "Sasa soma ile ingine."

Nikamwambia hakuna nyingine. Akasema, "Asekenye, mimi macho ndiyo imeisha, vidole iko. Kila mara inaingia mbili na inasomwa moja. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani mnaongea juu ya macho yangu, mnanihurumia. Lakini tangu Morris aanguke, ya kwanza imekuwa fupi. Maneno yote imeenda wapi?"

Nikaanza kulia. Akaniambia nilie baadaye, kwanza nimwite Morris.

Nikazileta zote kutoka chini ya nguo za sandukuni, nikazisoma mbele yao, yako ya Februari na yako ya Aprili. Zangu sikuwa nazo, nikawaambia kwa mdomo niliyokuandikia. Hapo ndipo iliponibidi niseme jambo ambalo sikukuambia wewe pia.

Bwire si mwongo. Alinipa bahasha mkononi tarehe mosi Machi, saa nne asubuhi, nami nikampa chai. Nilisoma karatasi ya pili nyuma ya marobota. Nilikaa na neno lako siku kumi. Balbu iliungua Jumapili. Nilimwambia Morris aiache, Sydney atakuja Pasaka. Akauliza, "Balbu moja inangoja fundi kutoka Nairobi? Kwani mimi ni mtoto?" Nilikuwa na jibu mdomoni, Sydney. Lilikuwa jibu la neno moja. Nikalimeza kwa sababu ulinisihi, na kwa sababu mimi pia nilipenda watu wakija kutazama taa za ndugu yangu. Ningeweza hata kuzima meni nikadanganya stima imekatika. Nimekuja kuizima baada ya damu. Halafu nikakuandikia kwamba barua ilichelewa, nikamtupia mzigo dereva ambaye kosa lake ni kunywa chai yangu.

Nilimaliza, nikangoja Morris anipige. Yeye alikuwa anautazama mkono wake. Kisha akauliza polepole, "Kwa hivyo haikuwa maji?"

Hatukuelewa. Akasema alikuwa ametoka kunawa grisi, na hakujifuta vizuri. Alizima swichi ya ukutani, akahakikisha iko chini, akapanda. Aliporushwa alijua ni stima, lakini alidhani ni ujinga wake, mtu mzima kushika balbu na mikono ya maji. Ndiyo maana akasingizia kiti. "Miezi miwili najiita mjinga," akasema. "Kila spoki ikianguka, najiita mjinga."

Na Toto akasema, "Ni mimi nilimwambia apande. Sebule ilikuwa giza kwangu peke yangu, ninyi wote mlikuwa mnaona. Nilimwambia, Morris, nitolee hii giza." Amekuwa akilala na hilo tangu Machi. Kumbe ndiyo maana hakula vizuri. Mimi nilidhani ni macho.

Hebu tazama, Sydney. Nyumba moja, watu wote wanabeba kosa moja, kila mtu chumbani mwake, na kila mtu anadhani ni lake peke yake. Na wewe huko na la kwako.

Sitakudanganya kwamba Morris hana hasira. Anayo. Alitoka nje, akatembea mpaka kwa ng'ombe akarudi. Akasema hasira yake si ya waya. Waya angeukosea mtu yeyote anayejifunza. Hasira yake ni kwamba ulijua, na ukaona aibu yako ni kubwa kuliko yeye. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika kama alivyoyasema. Mimi ameniambia yangu pia, na hayo nitabaki nayo.

Kwa Anjeline tumekwenda. Nilitaka kwenda peke yangu na ule uongo wako wa bodi kuharibika. Toto akakataa, akapanda boda na miaka yake sabini na moja, akanishika kiuno mpaka Adungosi. Akamwambia Anjeline mbele ya watoto, "Mwanangu amekuwekea taa vibaya. Inaweza kuua. Zima kubwa." Anjeline alizima hapo hapo, kisha akakaa chini. Yule mtoto wake mdogo, wiki iliyopita, alikuwa amesimama juu ya kabati akizungusha balbu kama embe. Ilikuwa bado iko ndani ya holda, haikutoka. Anjeline hakutukana. Alituletea chai.

Jina lako huko Adungosi limeanguka kidogo, sitakuficha. Lakini mtoto yuko.

Toto anasema uje. Hasemi uje ukiwa na nafasi. Anasema uje.

Dada yako,
Asekenye

Nimeongeza hapa chini Jumanne. Nilimtafuta Bwire kwenye foleni ya malori Malaba, nikamkuta amelala chini ya trela. Nilimwambia nilichomfanyia. Alinitazama sana, akasema, "Dada, mimi nimebeba mizigo mingi, lakini hiyo ilikuwa nzito." Nikamwomba abebe barua hii. Akasema ataibeba, ila nimsomee kwanza yote. Nimemsomea tukiwa tumeegemea tairi, matanboi wawili wakisikiliza. Amesema sasa anajua anabeba nini.

*

Mlolongo,
10 Mei 2025

Kaka Morris,

Bwire alinipa barua mkononi. Niliisoma mbele yake. Kisha nikasimama pale pale yadini nilipomshika shati siku ile, nikawaambia wote kwamba yeye alifikisha na mimi nilimtukana bure. Bado hajanijibu vizuri, lakini amekubali nipande lori lake. Tunaondoka Alhamisi.

Sikumwandikia Asekenye leo, nimekuandikia wewe. Barua zote hizi nilikuwa nakutaja tu, mwambie Morris hivi, usimwambie Morris vile.

Ni mimi niliyekuunguza mkono. Haikuwa kiti, haikuwa maji, wala haikuwa Toto. Ulizima swichi kama mtu mwangalifu, na mimi nilikuwa nimeifanya swichi iwe uongo. Nilijua tarehe ishirini na tatu Februari, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Dakika moja ingetosha. Nilichagua barua kwa sababu karatasi haisikiki ikitetemeka. Ninaona aibu kuandika hivi, lakini nimeona ile aibu nyingine ilivyogharimu.

Mzee Phanuel amenifundisha wiki tatu sasa, kila saa ya chakula. Anazima meni, ananifanya niandike jina langu kwenye karatasi na kuibandika pale, ili mtu asiwashe nikiwa juu. Kisha nipime holda kwa tesita, na tesita yenyewe niipime kwanza mahali penye moto, nijue haidanganyi. Bodi itakaa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye fyuzi yake. Relei, kile kiswichi kinachotii bodi, itakata waya wa moto, na swichi za ukutani zitarudi kufanya kazi yao, hata simu ikifa. Phanuel amesema kama nikiruka hatua moja nisitaje jina lake.

Ninakuja na tesita yake. Ninaomba uishike wewe, kwa mkono wa kushoto. Mimi nitafungua na kufunga, lakini sitasema taa yoyote imezimika mpaka wewe upime na useme imekufa. Tutaanza na ya sebuleni kwa Toto, halafu twende kwa Anjeline pamoja, kama utakubali kutembea nami Adungosi watu wakituona. Ukikataa nitakwenda peke yangu, na nitaelewa.

Vidole vyako sina cha kusema. Nimejaribu sentensi hiyo mara nyingi na kila mara nimeikata. Ile bisibisi ya njano bado ninayo, mpini umepasuka. Nitakuja nayo.

Ni mdogo wako,
Sydney

Asekenye, hii ni karatasi moja. Mpe Toto aipapase, kisha usome kwa sauti, Morris akiwepo, toka juu mpaka hapa, bila kuruka.